Hisabati za watoto zinashuka, au gunia limebadilishwa? Maswali yenu ya mwezi huu

Mbukwenyi wapendwa. Toleo lililopita niligusia kidogo tu kwamba watoto wa siku hizi tusiwaonee kwenye hisabati, yaani ni sentensi mbili tu, basi meseji zimemiminika kama mvua ya Januari. Wengine mmekubali, wengine mmenitukana kwa heshima, na mzee mmoja wa Mpwapwa kaniandikia karatasi nne kwa mkono, mwandiko mzuri kuliko wa kompyuta. Nimechagua chache nizijibu, ambaye hajajiona avumilie.

SWALI: Mwalimu habari za kazi. Mi nina watoto wawili wa kiume. Mkubwa alimaliza la saba 2016, moko (mtihani wa majaribio) ya mwisho alipata 180. Mdogo kamaliza 2024 shule ileile, moko ya mwisho kapata 190. Baba yao anasema mdogo kampita kaka yake, kwa hiyo elimu imepanda. Mkubwa kanuna, anasema pepa za siku hizi nyepesi. Nani mkweli? – Mama Wawili, Nkuhungu

JIBU: Pole na huo ugomvi wa sebuleni mama yangu. Kwa kweli hapo wote wawili wamekosa, na kosa lenyewe la hesabu kabisa.

Mkubwa alifanya masomo matano, kila somo maksi 50, jumla 250. Mdogo kafanya sita kwa sababu kuanzia mwaka 2021 darasa la saba wanafanya masomo sita, Uraia na Maadili likaongezeka, jumla ikawa 300. Sasa piga: 180 kwa 250 ni asilimia 72. 190 kwa 300 ni asilimia 63 na ushee. Ili mdogo amfikie kaka yake alitakiwa apate 216! Ila usimkimbilie na mwiko, maana wote wamo kwenye B, zamani B ilikuwa 151 mpaka 200 na sasa ni 181 mpaka 240.

Halafu hiyo ni jumla ya masomo yote, sio hisabati. Hisabati bado ni 50 kama zamani, kwa hiyo tafuta karatasi zao uangalie somo hilo peke yake. Na hata ukizipata bado sitakuruhusu useme huyu kamzidi yule, kwa sababu moko ya 2016 na ya 2024 zimetungwa na watu tofauti, maswali tofauti, pengine mmoja alipewa sehemu rahisi na mwenzake akapewa mafumbo ya mabomba mawili yanajaza tangi.

Wa Kibaigwa, kwenye lile soko la mahindi, watanielewa haraka. Mnunuzi akikutajia bei ya gunia, wewe mkulima huanzi kuangalia hela, unaangalia kwanza gunia lenyewe, ni la kilo 100 au lumbesa lililofungwa kichwa mpaka linafanana na mtu kavaa kilemba. Bei ya gunia na bei ya lumbesa huwezi kuzilinganisha hata kama zote zimeandikwa shilingi. Maksi nazo ndo hivyohivyo. Na maswali karibu yote niliyopata mwezi huu yanaishia hapohapo kwenye gunia.

SWALI: Nilisikia redioni hisabati kidato cha nne imepanda sana. Je tushangilie au tusubiri? – Mnunuzi wa mahindi, Kibaigwa

JIBU: Ndugu yangu, tena wewe ndo wa lumbesa mwenyewe hahaha. Takwimu ziko hivi. Mwaka 2018 waliofaulu hisabati kidato cha nne walikuwa asilimia 20.02, mwaka 2019 wakawa 20.03, mwaka 2020 20.12, halafu 2021 ikateleza mpaka 19.54, na 2022 ikarudi 20.08. Yaani miaka mitano imeganda palepale kama gari kwenye tope la Bahi. Ghafla 2023 ikaruka mpaka 25.42, na 2024 ikawa 25.35.

Kupanda kumepanda, sitabisha. Ila neno "kufaulu" hapo lina maana gani? Ni kuanzia D, na D inaanzia maksi 30 kwa mia. Kwa hiyo hiyo 25 maana yake kwenye kila watoto wanne waliokaa kwenye mtihani, watatu hawakufikisha 30. Mi kwa kweli nikiliangalia hilo hamu ya kushangilia inaisha, ingawa wale watano kwa mia walioongezeka ni maelfu ya watoto na hao nawapongeza.

Halafu jiulize, ingekuwaje kama mpaka wa D ungesogezwa ukawa 25? Ufaulu ungepanda siku hiyohiyo, na hakuna mtoto aliyejua kitu kipya. Sio stori ya kutunga hii, kwetu ilishatokea kitu cha namna hiyo. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalipotoka mwanzoni mwa 2013, watahiniwa kama 65 kwa kila mia walipata divisheni zero, yaani walifeli, nchi nzima ikapiga kelele, Waziri Mkuu Pinda akaunda tume, mwezi wa tano serikali ikayafuta matokeo yakapangwa upya. Ufaulu ukatoka kama asilimia 34 ukaenda 43. Watoto walewale, karatasi zilezile, hakuna aliyeshika kalamu upya. Baadae madaraja yakabadilishwa, tukaletewa GPA, yaani wastani wa pointi, kwenye matokeo ya 2014, halafu matokeo ya 2015 tukarudishiwa divisheni. Sasa mtu akikuchorea mstari wa ufaulu kuanzia 2010 mpaka leo bila kukuambia hayo, huyo anakuuzia lumbesa.

La saba hivyohivyo. Mwaka 2012 walifaulu asilimia 30.72 na mwaka uliofuata 50.61. Pointi ishirini kwa mwaka mmoja! Mtoto mmoja anaweza kubadilika hivyo, nimeshaona. Ila nchi nzima kwa miezi kumi na mbili? Kumbuka 2012 ndo mwaka tulioanza kusahihisha kwa mashine, watoto wakaanza kusheidi vile vibox kwa penseli badala ya kuandika, wengine walikuwa hawajawahi kuiona ile fomu. Na 2013 ndo ukaja ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, kila shule ikabanwa ipandishe. Kuna kujifunza humo, kuna kuzoea fomu, na kuna kukimbizana na takwimu. Kipi kiasi gani, kwenye ile namba moja ya ufaulu huwezi kuona. Ila tangu 2019 imetulia kwenye 80 hivi, 2024 ilikuwa 80.87, na mstari uliotulia mi nauamini kuliko ule wa kuruka.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, nilianza kufundisha mwaka 1971. Wanafunzi wangu walikuwa wanajua tebo mpaka ya kumi na mbili bila kupepesa. Leo mjukuu wangu yuko kidato cha pili, nikimuuliza saba mara nane anatazama dari. Usiniambie kiwango hakijashuka. – Mzee wa Mpwapwa

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na ile sehemu ya kuhesabia kwa vijiti vya mtama na vizibo vya soda imenikumbusha mbali sana.

Mzee wangu, nakuomba ukumbuke kitu kimoja. Mwaka 1971 uliposimama mbele ya darasa, walioketi mbele yako walikuwa nani? Ilikuwa kabla ya Azimio la Musoma la 1974, kabla ya ile Elimu kwa Wote ya 1977. Watoto wengi wa Ugogo muda huo walikuwa machungani. Waliokuja kwako walikuwa wachache, wameshachujwa na umbali, na wazazi, na bahati. Leo yule mchunga ng'ombe naye yuko darasani, pamoja na yule ambaye mama yake anauza mkaa na yule anayetembea kilomita sita asubuhi hajanywa hata uji. Ukichukua wastani wa watoto kumi waliochaguliwa ukaulinganisha na wastani wa watoto mia waliokuja wote, wa pili utakuwa chini, hata kama kila mmoja kati ya wale kumi angejua vilevile au zaidi. Sasa hapo ni elimu imeshuka, au ni mlango umepanuliwa?

Kwenye tebo lakini nakuunga mkono mzee, sikufichi. Hisabati ya kidato cha nne hawaruhusiwi kuingia na kikokotozi, wanaingia na kile kijitabu cha majedwali tu, sasa mtoto anayetazama dari kwenye saba mara nane atamaliza dakika zake kabla hajafika swali la sita. Mjukuu huyo mkazanie. Na kuna jambo lingine usimlaumu yeye: alisoma hisabati kwa Kiswahili miaka saba, alipoingia sekondari somo lilelile likageuka Kiingereza, "kipeo" na "kigawe" vikapotea akaletewa majina mapya kwa vitu anavyovijua. Muulize swali hilohilo kwa Kiswahili uone.

SWALI: Niko UDOM mwaka wa pili. Kuna jamaa kwenye grupu letu la WhatsApp anasema hata Marekani hisabati inaanguka na sababu ni Korona. Ni kweli? – Mwanachuo

JIBU: Nusu kweli, na hiyo nusu nyingine ndo tamu.

Wamarekani wana kipimo wanakiita NAEP, na ndani yake kuna tawi la kufuatilia muda mrefu, kwa hisabati lilianza 1973. Wanachagua sampuli ya watoto wa miaka 9, 13 na 17, wanawapa maswali ambayo sehemu yake yanarudiwarudiwa miaka na miaka, yanatunzwa kama siri, hayauzwi dukani wala mwalimu hayafundishi kwa sababu hayajui. Mtoto hapati cheti wala hafeli, hata maksi yake hapewi. Kipimo ni kuanzia 0 mpaka 500. Yaani ni gunia moja, uzi mmoja, mizani moja, nusu karne. Hata walipobadilisha muundo mwaka 2004 waliwapa kundi moja mtihani wa zamani na kundi lingine mpya, wakalinganisha kwanza ndo wakaendelea.

Wakaona nini? Wa miaka 9 mwaka 1973 walikuwa na 219, mwaka 2012 wakawa na 244. Wa miaka 13 walitoka 266 wakafika 285. Hiyo ni kupanda kweli, maana gunia halijabadilika. Sasa Korona: wa miaka 9 walikuwa 241 mwanzoni mwa 2020, mwaka 2022 wakawa 234, na tangu kipimo kianze hisabati ya hao wadogo haikuwahi kushuka namna hiyo. Wa miaka 13 walitoka 280 wakaangukia 271 mwaka 2023. Kwa hiyo jamaa yako ana hoja, shule zao nyingi zilifungwa muda mrefu kuliko zetu, sisi zilifungwa tarehe 17 Machi 2020 na tarehe 29 Juni zote zikawa zimefunguliwa.

Lakini muulize: hiyo 280 ya 2020 ilipimwa kabla shule hazijafungwa, na mwaka 2012 walikuwa 285. Pointi tano ziliondoka lini? Kabla ya Korona. Ugonjwa ulikuta mgonjwa tayari. Sababu ya huko kushuka kwa mwanzo wenyewe bado wanagombania, wengine wanasema simu, wengine sera za mitihani, mi sitajifanya mwamuzi.

Na cha mwisho mwanachuo, hiki kiandike kwenye daftari kabisa. Wale wa miaka 17 walikuwa 304 mwaka 1973, na 306 mwaka 2012. Pointi mbili tu kwa karibu miaka arobaini, mtu atasema sekondari zao zimelala. Haya, gawanya kwa makundi: Wazungu walitoka 310 wakaenda 314. Weusi walitoka 270 wakaenda 288. Walatino 277 mpaka 294. Kila kundi limepanda kwa pointi nne, kumi na nane, kumi na saba, ila wote kwa pamoja mbili! Soma tena. Hakuna uchawi, ni kwamba makundi yaliyoanzia chini ndo yaliongezeka idadi darasani, wakauvuta wastani chini huku wenyewe wakipanda. Ndo kilekile nilichomwambia mzee wa Mpwapwa, ila hapa kina namba. Mi siku ya kwanza kuziona hizi namba nilidhani zimekosewa nikazipiga upya mara tatu.

SWALI: Nafundisha Chemba. Sisi hatuna kipimo cha hivyo? – Mwalimu wa la nne

JIBU: Tulishakuwa nacho, mwenzangu. SACMEQ, ushirikiano wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika, walipima darasa la sita kwa maswali yanayolinganishika. Mwaka 2000 hisabati yetu ilikuwa 522, mwaka 2007 ikawa 553, na katikati ya kipimo chao ni 500. Na kumbuka hapo katikati ada ya shule ya msingi ilishafutwa, MMEM (Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi) ikaingia, watoto wakatoka milioni 4.4 kwenda kama milioni 8.3. Tulijaza madarasa mpaka watoto wakakaa chini, na bado alama ikapanda! Hiyo ndo naipenda kuliko zote nilizoandika leo, sijui kwa nini haisemwi.

Wale wa mradi wa Uwezo nao, walioanza kwetu 2010, walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba na jaribio la kiwango cha darasa la pili, kuhesabu, kujumlisha, kutoa, kuzidisha. Wakakuta watoto wa madarasa ya juu kabisa wanashindwa kutoa kwa kukopa. Wakubwa waliumia kusikia ila ilisaidia, kisha mwaka 2015 la kwanza na la pili wakawekewa mtaala wa KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu. Uzuri wa Uwezo walimfuata mtoto nyumbani, hata aliyeacha shule alihesabiwa. Mtihani wa mwisho unampima aliyebaki tu.

SWALI: Sina hela ya tuisheni. Nitajuaje kama mwanangu anapanda au anashuka bila kusubiri ripoti ya shule? – Baba Neema, Kondoa

JIBU: Tengeneza gunia lako mwenyewe baba. Kaa jioni moja uandike maswali kumi na mawili kwenye karatasi: manne ya kujumlisha na kutoa, matatu ya kuzidisha, mawili ya kugawanya, moja la sehemu, mawili ya duka, mfano nimenunua sukari kilo moja na nusu (bei ya kilo uiandike) nikatoa noti ya elfu kumi chenji ngapi. Mpe, hesabu dakika, sahihisha, andika tarehe. Halafu karatasi ifiche, kwenye sanduku la nguo za sikukuu huko, na usimfundishe majibu yake. Mwezi wa sita mpe tena ileile. Desemba tena. Kama alipata 5 kwa dakika arobaini na sasa anapata 9 kwa ishirini na tano, amepanda, hata kama shuleni kawa wa thelathini kati ya tisini. Nafasi ya darasani inategemea na wenzake bwana, wakihamia watoto wanne wakali atashuka nafasi na hakuna alichosahau.

Mi nilifanya hivyo kwa mpwa wangu, ikaniaibisha. Nilikuwa namsema mvivu, kumbe kila mara alikuwa anakosa maswali yaleyale mawili ya kugawanya na mengine yote anapata. Tatizo lilikuwa sehemu moja ndogo, tulikaa nayo wiki mbili ikaisha. Ripoti ya shule ilikuwa inasema tu "Hisabati C, aongeze bidii".

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niko darasa la sita, Chamwino. Mwalimu alitupa 6 + 4 × 2. Mimi nimepata 14, baba anasema ni 20 na kwamba enzi zao walifundishwa vizuri zaidi. Nani kapata? – Anko naomba usitaje jina langu

JIBU: Marahaba mwanangu, jina silitaji. MAGAZIJUTO: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Kuzidisha kunatangulia, nne mara mbili nane, jumlisha sita, 14. Umepata. Baba amekosa, ila mwambie akishakula.